Ajali ya pili: Hatari za kuvuta na kuinua magari yaliyoanguka

JE, msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara ukitazama lori lililopinduka likiinuliwa? Bila shaka umewahi. Ni tamasha lisilo na kiingilio. Abiria hushuka kwenye matatu zilizokwama, wanafunzi huacha njia ya kwenda nyumbani, wauzaji wa mahindi ya kuchoma husogeza majiko yao karibu, na kila mmoja ana ushauri wa kumpa dereva wa kreni.

Watu wengi wakati huo hudhani hatari imekwisha kwa kuwa ajali imeshatokea. Majeruhi wamepelekwa hospitalini, polisi wameandika taarifa yao, na kilichobaki ni vyuma tu. Lakini ukweli ni kwamba saa ile ya kuvuta gari ndiyo saa ambayo nguvu nyingi hukusanyika mahali pamoja: uzito wa lori, mvuto wa kamba, mafuta yaliyomwagika, nyaya za umeme zilizo juu na magari yanayopita kwa kasi. Kitu kimoja tu kikiteleza, hospitali hupokea kundi la pili la majeruhi. Aghalabu hao si madereva. Ni utingo, ni fundi, ni mwenye gari, au ni mtu aliyekuwa amesimama akitazama.

Makala haya yanakueleza jinsi ajali hizo hutokea, mwili unavyoumia, na la kufanya mtu akinaswa.

Kamba ni kama manati

Tuanze na kamba, kwa sababu kila mtu huitumia, hata yule ambaye hajawahi kuikaribia kreni. Mvua ikinyesha Kitengela, Utawala au Ruai, magari hukwama kwenye udongo mweusi na dereva wa lori linalopita huombwa msaada. Kamba hutolewa chini ya kiti, hufungwa popote inapofungika, na vijana wanne husimama katikati ya magari mawili wakipiga kelele, "Vuta! Vuta!"

Hapo ndipo penye hatari. Kamba inayovutwa huhifadhi nguvu ndani yake kama mpira wa manati ya watoto. Ikivutwa ikarefuka maradufu ya ilivyorefuka mwanzo, nguvu inayohifadhiwa haiwi maradufu bali mara nne. Kamba ikikatika, nguvu yote hiyo hutoka kwa kufumba na kufumbua, na ncha yake hurudi ilikotoka kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikwepa.

Kamba ya nailoni hurefuka sana kabla ya kukatika, kwa hivyo huruka mbali. Kamba ya waya hairefuki sana, lakini ni nzito, na ikikupiga mguuni huvunja mfupa na kuchana nyama kwa pamoja. Mnyororo huaminiwa kwa kuwa ni chuma kinene, ilhali kiungo kimoja kilicholiwa na kutu kinatosha kuukata, tena bila kutoa ishara yoyote mapema.

Mara nyingi kinachoua si kamba yenyewe bali kitu kilichofungwa mwishoni mwake. Kulabu iliyong'oka huruka kama risasi. Hali kadhalika kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya pikapu, cha kufungia trela. Kichwa hicho kimeundwa kukokota trela taratibu, hakikuundwa kuhimili mvuto wa ghafla wa gari lililozama matopeni. Nchini Australia, ambako watu wengi huendesha magari yao jangwani na ufuoni, kuna watu waliouawa na vyuma hivyo vilipokatika na kupenya kioo cha gari.

Kwa hivyo, kabla hujamruhusu mtu avute gari lako, tafuta mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Magari mengi madogo yana pete ya kukazwa kwa nyuzi mbele au nyuma, na pete hiyo huwa pamoja na jeki na gurudumu la akiba. Usifunge kamba kwenye bampa wala kwenye vyuma vya usukani. Usiunganishe kamba mbili kwa fundo, maana fundo hupunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine kwa karibu nusu.

Kamba ikishakazwa, hakuna mtu anayepaswa kuwa katikati ya magari hayo, na hakuna anayepaswa kuiruka ili apite upande wa pili. Simama mbali kwa umbali unaozidi urefu wa kamba. Ukiweza, urefu mmoja na nusu. Usisimame mbele wala nyuma ya mstari wa kamba. Tandaza blanketi zito, koti au gunia lenye mchanga katikati ya kamba ili ikikatika ivutwe chini badala ya kuruka. Dereva wa gari linalovuta anaweza kuinua boneti ikiwa kamba imefungwa upande wa mbele, nayo itakinga kioo chake. Avute taratibu. Yule anayerudi nyuma na kuondoka kwa kishindo ndiye anayeikata kamba.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari madogo hulisahau. Gari linalovutwa injini ikiwa imezimwa huwa na usukani mzito, na breki hugoma kushika vizuri baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Ukiondoa ufunguo, usukani waweza kujifunga kabisa kwenye kona. Kulivuta gari la namna hiyo kwa kamba kutoka Mlolongo hadi Industrial Area, katikati ya malori, ni kucheza na roho za watu.

Kreni na mtungi wa maji

Brekidauni zenye kreni ni chombo cha wataalamu, na watu hudhani kwamba chombo chenye nguvu kiasi hicho hakiwezi kuanguka. Huanguka. Ili uelewe sababu, chukua mtungi wa maji wa lita 20. Ukiubeba karibu na paja lako waweza kupanda nao hadi orofa ya tatu. Lakini jaribu kuunyoosha mkono mbele yako ukiwa umeushika mtungi huo huo. Uzito haujabadilika, ila utahisi mwili wako wote ukiinama mbele.

Kreni nayo ni hivyo. Tani zilizoandikwa ubavuni mwake ni zile inazoweza kuinua mkono wake ukiwa karibu kabisa. Kreni ya tani 25 ikinyoosha mkono mita 20 mbali, kiasi inachoweza kuinua hushuka hadi tani chache tu. Kila kreni huwa na jedwali linaloonyesha uzito na umbali, na mwendeshaji anayestahili jina hilo hulisoma kabla ya kufunga kulabu.

Sasa fikiria lori lililotumbukia bondeni kwenye mteremko wa Mai Mahiu au Sachangwan. Sheria ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari inaruhusu lori na trela lake kufikia tani 56 kwa jumla. Kama limebeba sukari au mahindi na mvua imenyesha usiku kucha, mzigo umelowa na kuwa mzito zaidi. Kreni inasimama juu barabarani, lori liko chini kabisa, mkono unalazimika kunyooshwa mbali. Isitoshe, kando ya barabara ni udongo laini. Miguu ya chuma ya kreni ikiwekwa hapo bila mbao pana za kuikalia, mguu mmoja hudidimia polepole, kreni huinama, na inapoinama mkono husogea mbali zaidi na mzigo. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuizuia.

Dawa yake inajulikana: mzigo upakuliwe kwanza, na kazi kubwa ifanywe na kreni mbili au kwa kuvuta polepole badala ya kuinua. Lakini kupakua huchukua saa nyingi na hugharimu pesa, na hapa ndipo mwandishi huyu anapoona chanzo cha maafa mengi. Lori limelala kwenye kona, usiku unaingia, na mwenye lori bado anapigania bei na watu watatu wa brekidauni waliofika kwa mbio. Anayepewa kazi ni wa bei ya chini. Huyo ndiye mwenye kamba iliyochakaa, ndiye asiye na mbao, na ndiye anayetaka kumaliza upesi ili akimbilie ajali nyingine.

Ikiwa wewe ndiwe mwenye gari, basi uliza maswali kabla ya kukubaliana bei. Gari langu na mzigo wake lina uzito gani, na chombo chako kinaweza kiasi gani kwa umbali huo? Nani atawaondoa watu? Nani atazuia magari? Mtu asiyeweza kujibu maswali hayo usimpe kazi, hata akisema ataifanya kwa nusu ya bei.

Nawe mtazamaji, kaa mbali kuliko urefu wa mkono wa kreni ukiwa umenyooshwa wote, na usipite kamwe chini ya kitu kilichoning'inizwa.

Nyaya za umeme

Barabara nyingi za miji yetu zina nyaya za umeme kandokando. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 240. Nyaya zile za barabarani aghalabu hubeba volti 11,000 au 33,000, na umeme wa kiasi hicho hauhitaji kuguswa. Waweza kuruka hewani kufikia chuma kilichosogezwa karibu nao. Mwendeshaji wa kreni aliyeinua macho kutazama kulabu huenda asiuone waya hata kidogo, hasa jua likizama. Lazima awepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni moja tu: kutazama juu.

Iwapo mkono wa kreni utagusa waya, aliye ndani ya gari abaki ndani. Huko ndiko salama, maadamu hagusi chuma cha gari na ardhi kwa wakati mmoja. Awaonye walio nje wasikaribie, nao wapige simu kwa kampuni ya umeme ili laini ikatwe. Kutoka ni lazima ikiwa tu gari linashika moto. Basi aruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, asishike gari baada ya kutua, kisha aondoke kwa hatua fupi fupi za kuburuza miguu bila kuitenganisha, hadi mita kumi au zaidi.

Huenda ukashangaa kwa nini asikimbie. Sababu ni kwamba umeme ukiingia ardhini huenea kama viwimbi vya maji jiwe likitupwa kidimbwini. Karibu na gari una nguvu nyingi, mbali kidogo nguvu hupungua. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja huwa penye nguvu nyingi na mwingine penye nguvu kidogo, na umeme hupanda kwa huu na kushuka kwa ule. Ndiyo maana anayekimbia kumwokoa mwenzake huanguka kabla hajamfikia.

Aliyepigwa na umeme, hata akisimama na kusema yu mzima, apelekwe hospitalini. Kidonda cha nje chaweza kuwa kidogo kama sarafu ilhali misuli ya ndani imeungua, na moyo waweza kuharibika mapigo yake baadaye. Kama hapumui, na umeme umekwisha kukatwa, weka viganja katikati ya kifua chake na usukume kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika hadi msaada ufike. Mkiwa wawili pokezaneni, maana kazi hiyo huchosha upesi.

Barabara haijafungwa

Magari yanayobeba mizigo mizito na matatu yameruhusiwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba mbele kuna lori lililolala, ameshapita zaidi ya mita 30 kabla hata ya kukanyaga breki. Lori lililojaa mzigo, kwenye mteremko na lami iliyolowa, litahitaji mita nyingi zaidi ya hizo ili lisimame.

Kwa sababu hiyo, ile alama ya pembetatu nyekundu haina faida ikiwekwa hatua tano nyuma ya gari. Iweke mita 50 au zaidi, na penye kona au kilima iweke kabla ya kona, ili dereva aione kabla hajaliona gari. Weka nyingine upande wa mbele. Vaa fulana inayong'aa, washa taa za tahadhari, kisha toka barabarani. Usisimame nyuma ya gari lako wala baina ya magari mawili. Ukiwa na watoto, watoe garini na uwapandishe kwenye ukingo wa juu, mbali na lami.

Kuhusu matawi ya miti na mawe ambayo madereva wetu hupanga barabarani, tatizo si kuyaweka bali kuyaacha. Lori huvutwa, watu huenda zao, na mawe hubaki yakimsubiri mwendesha bodaboda wa saa nane za usiku.

Petroli haina baridi

Huenda umechoka kuusikia mfano huu, lakini hauwezi kuachwa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ulipozuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Julai 2021 watu 13 walikufa kwa njia hiyo hiyo huko Malanga, Kaunti ya Siaya, baada ya lori la mafuta kugongana na lori jingine. Baina ya visa hivyo viwili, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 waliangamia Morogoro nchini Tanzania.

Wengi husema kwamba maadamu hakuna anayevuta sigara hakuna hatari. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi ya Molo au Limuru. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hausafiri juu bali hutambaa chini, huingia mtaroni, na waweza kufika mbali na lori bila mtu kuuona. Huko hukutana na jiko la mkaa, injini ya pikipiki, au cheche ya mnyororo unaoburutwa kwenye lami na hao hao wanaovuta lori. Ukiona lori la mafuta limelala, ondoka kwa kuelekea upande upepo unakotoka, na uwe mbali mita 300 au zaidi. Brekidauni yenyewe haistahili kusogea hadi wazima moto wasema pako salama.

Magari mengi madogo yanayoingizwa nchini siku hizi hutumia petroli na umeme kwa pamoja. Yakigongwa, nyaya zake nene za rangi ya machungwa zaweza kuwa na umeme wa mamia ya volti. Zisiguswe wala kukatwa na fundi asiyezifahamu.

Mtu akinaswa chini ya gari

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hawajapata kuelezwa. Mtu amelaliwa na gari. Pengine jeki iliteleza akiwa chini yake, pengine lori lilirudi nyuma wakati wa kuvutwa, pengine ni dereva ambaye mguu wake umebanwa baina ya usukani na mlango. Watu hukusanyika na kila mmoja anataka kumvuta.

Kwanza tazama ni wapi amebanwa. Kama ni kifuani, shingoni, kichwani au tumboni, hana muda. Kifua kisichoweza kupanuka hakiingizi hewa. Uso huvimba na kuwa wa zambarau, macho hujaa damu, na baada ya dakika chache mtu hufa bila hata mfupa mmoja kuvunjika. Uzito huo uondolewe mara moja, ila usiondolewe ovyo. Zuia magurudumu kwa mawe kwanza. Kila mnapoinua kidogo, ingizeni kipande cha mti au tairi chini ya gari ili likiteleza lisimlalie tena. Watu kumi wanaweza kuinua upande mmoja wa gari dogo, lakini wakichoka kabla ya kuingiza kitu chini yake wamemuua kwa mara ya pili.

Kama amebanwa mguu au paja, na kwa muda mrefu, hali ni tofauti. Mwaka 1941, London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika kuhusu wagonjwa waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba. Walipotolewa walionekana kuwa na nafuu, wakizungumza vizuri. Kisha miguu ilivimba, mkojo ukawa mweusi na kupungua, na baada ya siku chache figo zikakataa kufanya kazi.

Sababu ni hii. Msuli uliobanwa haupati damu, nao huanza kufa. Unapokufa humwaga vitu vilivyokuwa ndani yake, hasa madini ya potasiamu na protini inayoupa msuli rangi yake nyekundu. Maadamu mzigo bado uko juu, vitu hivyo hubaki pale pale. Mzigo ukiondolewa, damu huvisomba na kuvipeleka mwilini kwa ghafla. Potasiamu nyingi yaweza kusimamisha moyo, na ile protini huziba figo. Hii ndiyo maana mtu aliyekuwa akiongea na waokoaji wake, hata akiwatania, huzirai dakika chache baada ya kutolewa.

St John Ambulance ya Uingereza hufundisha kwamba kabla ya dakika 15 kwisha mtu atolewe upesi, na zikishapita asitolewe hadi wahudumu wa afya wafike. Wataalamu wa Australia na New Zealand, kwa upande wao, husema mzigo uondolewe mapema iwezekanavyo bila kujali muda, mradi ni salama kufanya hivyo. Kwenye barabara zetu, ambapo ambulensi yaweza kuchelewa saa nzima, la busara ni kupiga simu 999 au 112 mapema na kumweleza mhudumu kwamba mtu amebanwa, ni sehemu gani, na tangu lini, kisha kufuata anachosema. Moto ukizuka au msaada ukiwa hauwezekani kabisa, mtoeni, mkijua kwamba anahitaji hospitali upesi hata kama anasema hana maumivu.

Wakati mnasubiri, zuia damu kwa kukandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kufunguafungua kuangalia. Damu inayotoka mkononi au mguuni kwa kuruka na isiyokoma hata ukikandamiza yaweza kumaliza maisha kwa dakika chache. Hapo funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kuelekea moyoni, ukikaze kwa kijiti hadi damu ikome. Usitumie waya wala kamba nyembamba, na ukishakaza usilegeze. Andika saa uliyofunga.

Mfunike asipate baridi. Usimpe chai wala soda, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Ikiwa ameanguka au kugongwa mgongo, usimkunje ili aingie kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga zikienda sawa, wamlaze kwenye ubao au mlango. Ubao wa muuza mboga umewahi kufanya kazi hiyo vizuri sana.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na mafuta ya kupikia viachwe jikoni.

Na mkifika hospitalini msikubali kurudishwa langoni kwa sababu ya pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayokataa kutoa matibabu hayo ilhali ina uwezo. Mweleze muuguzi mambo manne: mgonjwa alibanwa sehemu gani, kwa muda gani, alitolewa saa ngapi, na mkojo wake una rangi gani. Kama una rangi ya chai ya rangi au kola, sema hivyo hivyo. Huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine, na hospitali isiyo na mashine hiyo itampeleka kwingine mapema, kabla figo hazijafa.